Ibn al-Nafis, faqihi aliyeujua moyo



Ndugu zangu, katika toleo hili nimepewa ukurasa wa watu waliotutangulia, nami nimemchagua tabibu wa karne ya saba Hijria. Mimi nasomea fani ya nusukaputi hapa Kigali, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa, kumlinda wakati anapasuliwa na kumwamsha salama. Katika masomo yetu hakuna jambo linalorudiwa mara nyingi kama hili: namna ya kuukinga moyo usiumie wakati mwenyewe amelala. Daktari wa upasuaji anaweza kufanya kazi nzuri kwenye mguu, tumboni, au kwenye moyo wenyewe, kisha mgonjwa asiamke kwa sababu moyo ulikosa chakula chake kwa muda. Nilipotaka kujua ni nani alitangulia kueleza moyo unapata wapi chakula hicho, nilimkuta mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelisikia kwenye darsa za msikitini kabla sijalisikia chuoni. Huyo ni Alaa al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qurashi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis, Allah amrehemu.

Wengi wetu tunamjua kwa sentensi moja tu: Muislamu aliyegundua mzunguko wa damu kabla ya Wazungu. Sentensi hiyo inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, tunaifurahia, tunaituma mbele, na habari inaishia hapo. Naona inamkosea mzee huyu kwa pande mbili. Inampa ambacho hakukisema, na inamnyima alichokisema. Kwa hiyo nitasimulia maisha yake kwa utaratibu, kisha nitaonesha mambo mawili aliyoyasema kuhusu moyo na jinsi yanavyotumika leo kila mara kifua cha mgonjwa kinapofunguliwa.

Kijana wa Sham

Alizaliwa karibu na mji wa Damascus mnamo mwaka 607 Hijria, sawa na 1210 Miladia au baadaye kidogo. Mji huo ulikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi mwaka 1154, ikajulikana kama Bimaristan al-Nuri. Iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Maskini alitibiwa humo bila kulipa, na wanafunzi walijifunza kando ya vitanda vya wagonjwa pamoja na kusoma vitabu. Ndipo Ibn al-Nafis aliposomea utabibu.

Mwalimu mkubwa wa zama zile alikuwa Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar. Mzee huyu alipofariki mwaka 1230 aliacha nyumba yake iwe wakfu, igeuzwe madrasa ya utabibu. Ibn al-Nafis alikuwa kijana wa miaka 20 hivi wakati huo. Tulikumbuke jambo hili, maana litarudi mwishoni mwa maisha yake.

Pamoja na utabibu alisoma fiqhi, hadithi, lugha na mantiki. Katika fiqhi alifuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu huku Afrika Mashariki tumelelewa nayo. Elimu hiyo hakuisoma kama pambo la tabibu. Subki, aliyeandika vitabu vya tabaka za wanazuoni wa Kishafi, amemtaja humo miongoni mwa mafaqihi. Aliandika pia juu ya elimu ya hadithi. Katika zama zake mtu hakulazimika kuchagua kati ya hospitali na msikiti.

Kuhamia Misri

Mnamo mwaka 1236 hivi alihamia Cairo. Huko alifanya kazi katika hospitali ya Nasiri, iliyoanzishwa na Salahuddin al-Ayyubi, na akafundisha fiqhi ya Kishafi katika Madrasa ya Masruriyya. Zama zenyewe zilikuwa ngumu. Mwaka 1249 jeshi la msalaba likiongozwa na mfalme wa Ufaransa, Louis IX, lilitua Misri. Mwaka 1258 Wamongolia waliiteketeza Baghdad. Miaka 2 baadaye jeshi la Misri likawazuia Wamongolia hao huko Ayn Jalut, Palestina. Mmoja wa makamanda wa siku ile, Baybars, akawa sultani, na Ibn al-Nafis akawa tabibu wake. Baadaye alipewa cheo cha mkuu wa matabibu wa Misri.

Waandishi wa wasifu wametuachia picha zake chache. Wanasema alipotaka kuandika aliandaliwa kalamu nyingi zilizochongwa, akageuza uso wake ukutani, akaandika kutoka kifuani bila kufungua kitabu. Kalamu ikiisha makali aliitupa na kuchukua nyingine, asipoteze muda kuichonga. Wanasimulia pia kwamba siku moja alikuwa hamamuni akioga, akatoka katikati ya kuoga kwenda chumba cha kubadilishia nguo, akaagiza karatasi, wino na kalamu, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza, kisha akarudi kumalizia kuoga. Alianza ensaiklopidia ya utabibu, al-Shamil, ambayo alikusudia ifike juzuu 300. Juzuu 80 ndizo alizowahi kuzisafisha kabla ya kufariki.

Kitabu kinachotuhusu leo alikiandika mapema zaidi, mnamo mwaka 1242, akiwa na miaka 30 na kidogo. Umri huo hauko mbali na wa wengi wanaosoma ukurasa huu. Ni sharhe ya sehemu za maumbile ya mwili katika al-Qanun, kitabu maarufu cha Ibn Sina.

Jambo la kwanza: ukuta hauna tundu

Ili tuelewe uzito wa alichokifanya, tuangalie kwanza watu waliamini nini. Galen, tabibu wa Kigiriki ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alifundisha kwamba damu huingia upande wa kulia wa moyo, na sehemu yake hupenya kwenda upande wa kushoto kupitia vitundu vidogo kwenye ukuta unaogawa pande hizo mbili. Vitundu hivyo hakuna aliyeviona, ila vilisadikiwa. Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 1000, na Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake wote, aliipokea.

Ibn al-Nafis alimheshimu Ibn Sina kiasi cha kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvisherehesha vitabu vyake. Lakini hapa alisimama akasema hapana. Ukuta ule ni mnene na mzima, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Kama damu inafika kushoto, basi lazima ina njia nyingine, nayo ni mapafu: inatoka upande wa kulia, inapanda kwa mshipa mpana mpaka mapafuni, inachanganyika na hewa, kisha inarudi upande wa kushoto kwa mshipa mwingine. Akaongeza kwamba kati ya mishipa hiyo miwili ndani ya mapafu lazima pawe na mapito. Kapilari za mapafu, ambazo ndizo mapito hayo, zilionekana kwa hadubini huko Italia mwaka 1661, na aliyeziona ni Malpighi.

Yapo mambo ambayo hakuyasema. Hakueleza mzunguko wa damu wa mwili mzima. Huo ulielezwa na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Ibn al-Nafis alieleza njia ya mapafu peke yake, na bado alikuwa na dhana za zama zake kuhusu roho inayozalishwa moyoni. Aliandika pia kwamba sheria na huruma ya maumbile vilimzuia kupasua maiti, na wanahistoria bado wanajadiliana alijuaje aliyoyajua. Tunaposimulia habari zake tusimzidishie. Alichokisema kinatosha.

Faida yake katika chumba cha upasuaji ni hii. Daktari hawezi kushona vali kwa utulivu ndani ya moyo unaopiga na uliojaa damu. Kwa hiyo ilibidi itafutwe namna ya kuiondoa damu kwenye moyo bila mgonjwa kufa. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, daktari John Gibbon aliunganisha binti wa miaka 18 na mashine aliyoitengeneza kwa miaka mingi, akaziba tundu moyoni mwake, na binti akapona. Mashine ile hupokea damu iliyochoka kabla haijaingia upande wa kulia wa moyo, huipa oksijeni, na kuirudisha kwenye mshipa mkuu uitwao aota. Kwa maneno mengine, inachukua nafasi ya safari ileile: kulia, mapafu, kushoto. Kama ukuta ungekuwa na vitundu vya Jalinus, mashine hiyo isingekuwa na maana. Tundu ambalo Gibbon aliliziba kwenye ukuta wa moyo wa binti yule lilikuwa ugonjwa, na mtu mzima mwenye afya hana tundu la namna hiyo.

Jambo la pili: moyo hauli kutoka chunguni

Hili la pili halisemwi sana, nami kama mwanafunzi wa nusukaputi ndilo linalonigusa zaidi. Ibn Sina alisema kwamba damu iliyo ndani ya upande wa kulia wa moyo ndiyo inayoulisha moyo. Ibn al-Nafis alilikataa hilo pia. Alisema moyo hulishwa na damu inayopita katika mishipa iliyosambaa ndani ya mwili wake wenyewe.

Mfikirie mpishi wa harusi hapa Nyamirambo. Masufuria yote yako mbele yake, mtaa mzima unakula kwa mkono wake, lakini yeye hachovyi mkono sufuriani. Lazima aletewe sahani yake. Moyo uko hivyo. Unasukuma lita 5 hivi za damu kila dakika kwa mtu mzima aliyepumzika, lakini nyama yake nene haipati chakula kutoka kwenye damu inayopita ndani yake. Inaletewa kwa mishipa miwili midogo inayochipuka mwanzoni kabisa mwa aota na kuuzunguka moyo kwa nje kabla ya kuzama ndani yake.

Kutokana na ukweli huo mmoja inatoka kazi yetu karibu yote ya kuulinda moyo. Upande wa kushoto wa moyo, wenye nyama nene zaidi, hulishwa zaidi wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo, kwa sababu unapojikaza unaibana mishipa yake wenyewe. Moyo ukienda mbio, muda wa kulegea unafupika. Kazi inaongezeka na sahani inapungua, vyote kwa mara moja. Shinikizo la damu likishuka sana, damu haina nguvu ya kuingia katika mishipa ile. Oksijeni ikipungua, au damu ikimwagika nyingi, sahani inafika ikiwa nusu tupu.

Ndiyo maana mtaalamu wa nusukaputi hakai kitako akisubiri upasuaji uishe. Anaangalia mapigo yasiende mbio mrija wa kupumulia unapoingizwa kooni na kisu kinapoanza kukata, maana mwili hushtuka hata kama akili imelala. Anaongeza dawa ya maumivu kabla maumivu hayajausumbua moyo. Anapandisha shinikizo linaposhuka, anapima damu iliyopotea, anamkinga mgonjwa na baridi ili asije akatetemeka baadaye na kuuongezea moyo kazi. Hayo yanahusu kila upasuaji, hata wa nyonga au wa utumbo. Na hatari haiishi mgonjwa anapofumbua macho. Moyo mara nyingi huumia katika siku chache za mwanzo baada ya upasuaji, na wengi hawasikii maumivu yoyote ya kifua kwa sababu dawa zimeyafunika. Anayejulikana ni yule aliyepimwa damu yake kwa kipimo cha troponini. Kwa hiyo mgonjwa mzee, au mwenye kisukari, au mwenye historia ya moyo, anahitaji kuangaliwa wodini kama alivyoangaliwa mezani.

Katika upasuaji wa moyo wenyewe jambo ni zito zaidi. Ili daktari aone anachokifanya, aota hubanwa kwa kibanio. Hapo mashine inaulisha mwili mzima isipokuwa moyo, kwa kuwa mishipa yake ile miwili inachipuka chini ya kibanio. Mpishi amekatiwa sahani kabisa. Mwaka 1955 huko London, Denis Melrose na wenzake walionesha kwamba ukipeleka potasiamu katika mishipa hiyo, moyo husimama ukiwa umelegea, na ukiondoa potasiamu unarudi kupiga. Moyo uliosimama namna hiyo hauhitaji oksijeni nyingi. Matumizi yake hushuka kwa karibu asilimia 90, na ukipozwa yanashuka tena. Lakini dawa ya mwanzo ilikuwa kali mno, ikaonekana kuidhuru nyama ya moyo, na wapasuaji wengi wakaiacha kwa miaka. Ilirudi katika miaka ya 1970 kwa kipimo kidogo zaidi, baada ya watafiti wa Ujerumani na wa Hospitali ya St Thomas' ya London kuitengeneza upya kwa subira. Leo inaitwa kadioplegia. Aina nyingi zake hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, na anayesimamia mashine huhesabu dakika hizo kwa sauti. Hata kibanio kinapofunguliwa pana hatari, maana damu inayorudi kwa kishindo kwenye moyo uliokuwa na njaa nayo inaweza kuujeruhi.

Nilipoingia mara ya kwanza katika chumba cha upasuaji wa moyo kama mtazamaji, niliona mstari wa mapigo kwenye skrini ukinyooka kabisa. Hakuna aliyeshtuka. Dawa ilikuwa imepita katika mishipa ileile ambayo Ibn al-Nafis alisema moyo hulishwa nayo, na moyo ulikuwa umelala ukilindwa. Aliyoyaandika Cairo akiwa kijana ndiyo ramani ya chumba kile, ingawa hakuna aliyekuwemo aliyemtaja.

Mwisho wake

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alikamilisha hospitali mpya mjini Cairo, al-Mansuri, mojawapo ya hospitali kubwa za zama hizo. Ibn al-Nafis alikuwa amezeeka, lakini alifanya kazi humo. Wanasema hakuoa na hakuacha mtoto. Alikuwa amejijengea nyumba nzuri na kukusanya maktaba.

Mwezi wa Dhulqaada mwaka 687 Hijria, Disemba 1288, alishikwa na maradhi. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa, jambo ambalo wengi wa zama zile waliliona la kawaida. Yeye alikuwa mkuu wao na alizijua hoja zao zote. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake huku tumboni mwake mkiwa na pombe. Aliugua siku 6, akafariki siku ya Ijumaa. Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviacha wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri. Alifanya alivyofanya mwalimu wa ujana wake kule Damascus.

Miaka zaidi ya 600 rafuni

Hapa ndipo habari yake inaponiuma. Mukhtasari wake wa al-Qanun, unaoitwa al-Mujiz, ulisomwa na kusherehesheshwa kwa karne nyingi. Baadhi ya wafasiri wa baadaye waliyataja pia maneno yake kuhusu mapafu. Lakini hayakuwa msingi wa utabibu wetu, wala hakuna aliyeyachukua akayapeleka mbele hatua kwa hatua. Huko Ulaya njia ya mapafu ilielezwa tena na Michael Servetus mwaka 1553 na Realdo Colombo mwaka 1559. Kama waliipata kwake kupitia tafsiri au waliifikia wenyewe, wanahistoria bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba Harvey alipokuja aliendelea kutoka pale watu wake walipofikia.

Aliyemrudisha Ibn al-Nafis duniani alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Aliisoma nakala ya mkono ya sharhe ile iliyokuwa katika maktaba ya Berlin, akaona kilichomo, akakiandika. Mwanahistoria Max Meyerhof akalithibitisha jambo hilo na kulitangaza. Maneno yalikuwa rafuni miaka yote hiyo, kwa Kiarabu kisichohitaji mkalimani kwa mamilioni ya watu, na aliyeyasoma kwa makini ni mwanafunzi aliyekuwa mbali na kwao akitafuta mada ya tasnifu.

Sisi tulioko Kigali

Suala la moyo halikai mbali na mitaa yetu. Katika nchi yetu na jirani zake, vijana wengi wanaohitaji upasuaji wa moyo hawakuzaliwa wagonjwa. Ugonjwa wao ulianza utotoni kwa maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria. Koo halikutibiwa, ikafuata homa ya rumatiki, na homa hiyo ikila vali za moyo kidogo kidogo. Miaka inapita, na msichana wa sekondari anaanza kuhema akipanda mlima wa kwenda kwao. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeweza kumkinga.

Hospitali ya King Faisal pale Kacyiru ilijengwa kwa msaada wa Saudia na kupewa jina la Mfalme Faisal. Tangu mwaka 2008 timu ya Team Heart kutoka Boston imekuwa ikija humo kupasua wagonjwa wa vali kwa siku chache kila mwaka, na wengine walilazimika kusafirishwa nje, India au Kituo cha Salam mjini Khartoum. Miaka ya karibuni Wanyarwanda wenyewe wameanza kuijenga fani hii hapa nyumbani. Lakini moyo mmoja ukisimamishwa unahitaji watu wengi kuurudisha: mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, mwendesha mashine, wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, fundi wa vifaa, mtu wa maabara, na benki ya damu iliyojaa. Jengo na jina zuri peke yake havipigi moyo wa mtu.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wa jumuiya mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwenye mdogo wake anayelalamika koo na homa ampeleke kituo cha afya, asimpe maji ya moto na limau akaona yamekwisha. Tunapochangia damu, tuichangie kama jumuiya, kwa ratiba. Mnaosoma sayansi, ulizeni kuhusu nusukaputi na kuhusu uendeshaji wa mashine ya moyo na mapafu. Ni fani ambazo wanafunzi wengi hawazijui hata kwa jina, na wagonjwa wanazingoja. Na mnaosoma Kiarabu madrasani, msidhani elimu hiyo inaishia kwenye nahau. Nakala za mkono za wazee wetu bado zimelala kwenye maktaba za Cairo, Istanbul na Berlin, na nyingine hazijasomwa na mtu mwenye ujuzi wa fani husika.

Tutakapotuma tena ile sentensi ya kujivunia Ibn al-Nafis, tuulizane pia nani kati yetu anaendelea na kazi yake. Yeye alimheshimu Ibn Sina na akamsahihisha, akashika fiqhi kwa mkono mmoja na mshipa wa mgonjwa kwa mkono mwingine, na alipoondoka aliacha vitabu vyake pale wagonjwa walipo.

Allah amrehemu mzee wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.